Herpesi ikiingia bandani, mtunza farasi alipwe kwanza

Farasi akianza kuumwa, mwenye mali hupata habari mwisho. Anayejua mapema ni kijana anayefungua banda alfajiri, akakuta majani ya jana hayajaguswa, mnyama kainamisha kichwa na kamasi zinachuruzika. Hata hivyo, mipango mingi ya kukabili mlipuko wa herpesi ya farasi niliyoisoma humweka kijana huyo mwishoni, kwenye orodha ya makatazo: asiguse hiki, asiingie pale, asitoke. Nadhani tumepanga kinyume.

Ugonjwa wenyewe hauna huruma. Kirusi cha herpesi ya farasi aina ya kwanza huwapata wengi wangali wadogo, kisha hujificha mwilini maisha yote. Safari ndefu, ugonjwa mwingine au kuhamishwa banda kunaweza kukiamsha. Kikiamka huleta homa na mafua. Majike wenye mimba huitupa, mara nyingi miezi ya mwisho. Ubaya wake mkubwa ni pale kinapoharibu mishipa ya damu ya uti wa mgongo na ubongo: farasi anayumba miguu ya nyuma, mkia unalegea, mkojo unadondoka wenyewe, na akilala huenda asiinuke tena. Chanjo ipo na inasaidia kwa mafua na kwa mimba, ila hakuna chanjo ya kutegemea dhidi ya huko kupooza. Binadamu haambukizwi, lakini mikono na nguo zake hukibeba vizuri sana.

Wenzetu wenye mali nyingi kimewaumiza. Mwaka 2011 farasi waliokuwa wamekusanyika kwa mashindano Ogden, katika jimbo la Utah, Marekani, walirudi makwao na kirusi. Wagonjwa 90 wakathibitishwa katika majimbo 10, na 13 wakafa au wakalazimika kuuawa ili wasiteseke. Februari 2021 ikawa zamu ya Valencia, Hispania, kwenye mashindano ya kuruka vizuizi. Farasi 18 walikufa katika mlipuko ule, na Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi likasimamisha mashindano katika nchi kadhaa za Ulaya kwa wiki nyingi. Hao walikuwa na madaktari, malori mazuri na bima. Kirusi kiliwatangulia kwa sababu homa huja kwanza na kuyumba huja siku kadhaa baadaye, na katika siku hizo za katikati farasi anaonekana mzima huku pua yake ikiwaambukiza wengine.

Ndiyo maana kifaa cha maana kuliko vyote ni kipimajoto. Farasi mkubwa akiwa mzima huwa na nyuzi kati ya 37.5 na 38.5 hivi. Apimwe asubuhi kabla jua la Dodoma halijapamba moto, apimwe tena jioni, na namba iandikwe daftarini kwa jina la mnyama. Aliyevuka 38.5 atengwe saa hiyohiyo, bila kusubiri ahueni, na wote waliokaa naye wasiende popote. Daktari wa mifugo achukue sampuli ya puani na ya damu, maana huku kwetu homa ya farasi ina sababu nyingi. Kuna ndorobo, yaani nagana inayoletwa na mbung'o, kuna ule ugonjwa wa farasi wa Afrika unaoenezwa na visubi, na hayo mawili ni sehemu ya sababu ya farasi kuwa wachache katika nchi hii. Kukisia kwa macho hakutoshi. Sampuli ziende Wakala ya Maabara ya Veterinari, na afisa mifugo wa kata aambiwe siku hiyohiyo. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 inawapa madaktari wa serikali nguvu ya kuzuia wanyama wasihamishwe, na nguvu hiyo inafaa itumike mapema.

Sasa njoo kwenye maji, maana hapa ndipo miongozo ya ng'ambo inapotuacha. Wao huandika kwamba kila farasi awe na ndoo yake na mpira wa maji usitumbukizwe ndani ya ndoo. Ni kweli tupu, kwa sababu ncha ya mpira ikigusa maji ya mgonjwa inapeleka kirusi ndoo ya pili na ya tatu. Lakini kiangazi cha Dodoma, hasa Agosti hadi Oktoba, mabanda mengi ya pembezoni mwa mji hayana bomba la kutegemea. Maji yanakuja kwa madumu, na madumu yanaletwa na mkokoteni wa punda. Punda naye ni jamaa wa farasi. Ana virusi vyake vya herpesi, na hiki cha farasi pia kinaweza kumpata. Asubuhi yuko bandani kwako, mchana yuko kwa jirani, na siku ya mnada huenda yuko Msalato. Ukifunga lango la farasi ukamwacha punda wa maji aingie hadi kwenye kihori, hujafunga kitu. Mkokoteni usimame nje, madumu yashushwe getini, na punda asinyweshwe kwa chombo cha ndani. Kuhusu usafi sina mengi: kirusi hiki hufa kwa sabuni na kwa dawa ya kawaida ya kufulia nguo nyeupe iliyochanganywa na maji, mradi samadi na uchafu viondolewe kwanza, kwani dawa ikimwagwa juu ya kinyesi haifanyi kazi.

Halafu kuna suala ambalo watu hawapendi kuliongelea. Karantini huhesabiwa siku 21 hadi 28 tangu homa ya mwisho, na homa mpya ikitokea hesabu inaanza upya. Mwezi mzima, pengine miwili. Watunza farasi wengi hapa kwetu wanalipwa kwa siku, na wengine wanahudumia mabanda mawili ili chakula cha nyumbani kitoshe. Unamwambiaje asiende banda la pili kama hujui atakula nini? Ataenda, na atakwenda na shati lilelile. Mwenye mkokoteni naye hawezi kusimamisha punda mwezi mzima kwa kuombwa tu.

Kuna kubwa kuliko hilo, nalo ni lawama. Nimezunguka na mifugo muda wa kutosha kujua kwamba mnyama akiumwa, swali la kwanza la bosi ni "zamu ya nani?" Kijana aliyewahi kukatwa posho kwa swali hilo hataandika 39 daftarini. Ataandika 38, aombe Mungu ipungue kufikia jioni. Hapo umepoteza zile siku za katikati, na hakuna daktari wa kukurudishia. Siwezi kumlaumu, mwenye mamlaka ya kubadilisha hali hiyo ni anayelipa.

Kwa hiyo naomba wenye farasi wa Dodoma, wachache mlivyo, mkae mwezi huu kabla ya shida yoyote. Tengeni ujira wa siku 28 wa kila mtunzaji, uandikwe kwenye makubaliano kwamba wakati wa karantini atalipwa wote na atabaki banda moja. Mwenye mkokoteni apewe fidia ya safari anazokosa. Atakayetaja homa ya kwanza asikatwe hata shilingi, hata kama baadaye itaonekana ni ndorobo. Gharama hii ni ndogo ukiilinganisha na farasi mmoja aliyepooza, na wenye mabanda mnaweza kuchangiana, kwani kirusi hakitaulizia mpaka wa kiwanja. Na yule aliye zamu usiku awe na namba ya afisa mifugo kwenye simu yake, yenye salio, pamoja na ruhusa ya kupiga kabla hajamwamsha mwenye mali.