Spidiwei: taifa lipimwe kwa waendeshaji wawili au kwa kikosi kizima?

Oktoba 2021 mjini Manchester, Bartosz Zmarzlik wa Poland alivuka mstari akiwa wa kwanza katika mchuano wa mwisho wa Speedway of Nations, ubingwa wa dunia wa spidiwei (mbio za pikipiki) ambao kila nchi hupanga waendeshaji wawili katika mchuano, kisha akatazama dhahabu ikienda Uingereza. Robert Lambert na Dan Bewley walimaliza wa pili na wa tatu. Mwenzake Zmarzlik, Maciej Janowski, akaburura mkia. Pointi zilikuwa 4 kwa wa kwanza, 3 kwa wa pili, 2 kwa wa tatu na sifuri kwa wa mwisho. Hesabu ikatoka 5 kwa 4. Uingereza ilikuwa haijatwaa ubingwa wa dunia wa timu tangu 1989.

Wapo wanaoona huo ni uonevu. Kuanzia 2001 hadi 2017 ubingwa huo ulikuwa Kombe la Dunia, lenye vikosi vikubwa, na Poland ililichukua mara nane. Mwaka 2018 ukaja mfumo wa wawili wawili, na katika mashindano yake matano ya kwanza Poland, yenye ligi inayowavuta waendeshaji bora wa dunia, haikushinda hata mara moja. Urusi, ambayo haikuwahi kulitwaa Kombe lile, ilishinda tatu mfululizo ikiwategemea zaidi Artem Laguta na Emil Sayfutdinov. Hoja yao ni kwamba ukitaka kujua nchi gani imelea vipaji, usiangalie nyota wake wawili, mwangalie mtu wake wa nne.

Hoja ina uzito, ila inasahau jambo. Katika Kombe, kila mchuano una mwendeshaji mmoja kutoka kila nchi kati ya nne. Wenzako wa timu wako pembeni, wanasubiri zamu zao. Ni timu ya kwenye karatasi ya matokeo. Katika wawili wawili, mko wote njiani kwa mizunguko minne, kama dakika moja hivi, juu ya pikipiki za cc 500 zisizo na breki. Aliye mbele hupunguza mwendo kidogo kwenye kona, akaifunga njia ya ndani ili mwenzake apite nje, na hapo mpinzani hana pa kupenya. Kwa macho yangu huo ndio uchezaji wa timu, na Kombe haliwezi kuuonyesha.

Tena linganisha orodha za washindi. Makombe yale 17 yaligawanywa na nchi nne tu: Poland, Denmark, Uswidi na Australia. Nchi nyingine zina nyota mmoja wa kutegemewa: Latvia ina Andžejs Ļebedevs, Ucheki ina Jan Kvěch. Kumpata wa pili wa kumsindikiza ni kazi, lakini inawezekana. Kikosi kizima cha kiwango hicho ni ndoto.

Kinachonikera mimi ni ile fainali. Timu hukusanya pointi mchuano baada ya mchuano, halafu dhahabu inaamuliwa na mmoja tu. Ukichelewa kuachia klachi kamba za kuanzia zinaporuka, kazi yote imekwisha. Watazamaji wa televisheni wanaipenda, naelewa, na bila wao fedha haziingii. Lakini kasoro hiyo haitokani na kupanga watu wawili. Ukiifuta fainali ukahesabu jumla ya pointi, mfumo utabaki na mbinu zake zote.

Kombe lenyewe lilirudi mwaka 2023 mjini Wrocław, na Poland ikalichukua kwa tofauti ya pointi mbili tu dhidi ya Uingereza. Mpango wa Shirikisho la Kimataifa la Pikipiki, FIM, ni kuliandaa kila baada ya miaka mitatu, na miaka ya katikati kuwaachia wawili wawili. Mgawanyo huo naukubali. Ni ule mchuano mmoja wa mwisho ndio ningeuondoa kesho asubuhi.