Kura Iliyobaki Arua

Siku ya kupiga kura Kikuubo, hapa Kampala, hupoa. Kile kichochoro cha maduka ya jumla, ambacho siku nyingine hupiti bila kupigwa kikumbo na mpagazi mwenye katoni kichwani, hufungwa, na wapagazi hukaa barazani wakicheza ludo. Januari hii nilimkuta hapo kijana wa Arua tunayesalimiana naye kwa Kiswahili tangu aingie Kampala. Kidole chake hakikuwa na wino. "Kaka, kura yangu iko Arua," akasema, akatupa dadu.

Mwaka 1996 zaidi ya asilimia 70 ya walioandikishwa Uganda walijitokeza kumchagua rais. Mwaka 2021 hawakufika 60, na mwaka huu wa 2026 wamevuka nusu kwa kidogo tu. Wazee wetu wanasema ni uvivu wa vijana. Mtu anayebeba mizigo tangu alfajiri simwiti mvivu.

Arua iko karibu kilomita 500 kutoka Kampala. Jina lako liko kwenye daftari la kituo kimoja tu, na ukitaka kulihamisha, dirisha hufungwa miezi mingi kabla ya uchaguzi. Anayetimiza miaka 18 baada ya hapo naye huachwa nje. Kibarua hakai akihesabu tarehe za Tume ya Uchaguzi. Akija kukumbuka, mabango yameshajaa mjini na dirisha limefungwa zamani.

Basi lilegezwe? Wanaokataa wana hoja nzito. Kiti cha ubunge kinaweza kuamuliwa na kura mia chache, na malalamiko ya wapigakura waliosombwa kwa malori kutoka jimbo jingine hayajaanza leo. Kuhama kukiwa rahisi hadi wiki ya mwisho, mwenye pesa ndiye atakayehamisha watu.

Lakini hofu hiyo ni ya ubunge. Karatasi ya kura ya rais ni ileile Arua na Kampala, kwa hiyo kijana wangu angeweza kupewa hiyo peke yake. Majirani wanafanya hivyo: tangu 2013 Mkenya anayeishi Uganda anaruhusiwa kumchagua rais wake akiwa hapahapa Kampala. Mtu wa Arua hawezi kumchagua wa kwake akiwa mjini humohumo. Hapo ndipo ninapochoka na hoja za usalama wa daftari.

Kuna swali moja gumu, nalikubali: utamzuiaje mtu asipige mara mbili? Wino husaidia, ila mpango kama huu ungetegemea mashine za alama za vidole, na mwaka huu zilizingua katika vituo vingi. Tume ikaagiza daftari la karatasi litumike, ikaongeza saa moja, hadi saa kumi na moja jioni. Kwa mashine za namna hiyo, ningeanza na miji michache.

Yote haya ni kwa ajili ya anayetaka kupiga kura akashindwa. Mwenzake aliyekuwa akicheza naye ludo ameandikishwa Kampala, mwendo wa dakika kumi kwa miguu, na kidole chake kilikuwa kisafi vilevile. "Nipige nisipige, atakayetangazwa namjua," aliniambia. Nikamtajia kifungu cha 59 cha Katiba, kinachompa haki hiyo. Akacheka.

Wengine wanazuiwa na woga: Novemba 2020 zaidi ya watu 50 waliuawa mitaani baada ya Bobi Wine, mgombea urais wa upinzani, kukamatwa. Huyu hakutaja woga. Nilipombana alisema angeenda kama angeweza kupiga picha fomu ya matokeo iliyosainiwa na mawakala kituoni, aitume, kisha ailinganishe na jumla itakayotangazwa. Mwaka 2021 intaneti ilizimwa mkesha wa uchaguzi, na safari hii imezimwa tena siku mbili kabla. Serikali inasema ni kuzuia uchochezi na uongo. Alinionyesha simu yake: ujumbe aliomtumia dada yake tangu asubuhi ulikuwa bado unazunguka.