Meza yenye kibao

Alhamisi iliyopita niliondoshwa kitini. Baa ya mtaani kwetu, mji mdogo karibu na Köln, Ujerumani, nimejikalia meza tupu nasubiri juisi yangu ya tufaha, mara mhudumu akanionesha kibao katikati ya meza: Stammtisch, yaani meza ya wateja wa kudumu. Meza ina wenyewe! Wanaume sita na bibi mmoja, kila Alhamisi saa moja usiku, kuzungumza siasa.

Mie nimelelewa Jaws Corner, baraza ya kahawa ya Mji Mkongwe, Unguja, jamani. Nani aliwahi kumuondosha mtu barazani? Unapita, unatoa salamu, unajipachika, muuza kahawa anakumiminia finjani bila ya kukuuliza u nani, na haijapoa ushaulizwa unaionaje tume ya uchaguzi.

Basi mmoja wao ni jirani yangu, akaniita nikae. Vyama vyao mbalimbali: yumo wa CDU, wamo wa SPD, bibi ni wa chama cha Kijani. Wakagombana nani aliiangusha serikali Novemba 2024, meza inapigwa mpaka bilauri zinaruka. Saa nne kila mtu akahesabiwa vistari vya bia zake kwenye kikaratasi cha bilauri, akalipa zake peke yake (hapo ndipo wanaponichosha, mtu halipiwi hata moja), kisha yule wa CDU akamrudisha bibi kwao kwa gari yake.

Nishawasikia wa nyumbani. "Keshakuwa Mzungu huyo, keshaonja bia." Nimesema juisi ya tufaha. Wala sikusema hawa malaika: wa AfD, chama cha mrengo mkali wa kulia, pale mezani hayumo, au yumo na kanyamaza.

Lakini sisi, baraza zisizo na kibao, mbona kila mtu anajua pa kukaa na pa kupita haraka? Jaws Corner ya upinzani, Kisonge ya CCM kule Michenzani na ubao wake wa maneno. Baada ya uchaguzi wa 1995 tulifika hadi kususiana maziko na maduka. Mwaka 2010 tukapiga kura ya maoni, asilimia 66 tukaitaka serikali ya umoja. Mawaziri wakakaa meza moja, baraza zikabaki mbili.

"Wewe uko kwenye baridi yako, uchaguzi ulipofutwa 2015 ulikuwepo?" Nilikuwepo, yakhe, tena palepale, redio sikioni. Uchungu naujua. Ila sijafahamu bado kwa nini uchungu wa tume alipe mtu aliyecheza bao na wewe tangu mna meno ya utoto.

Maana mjomba wangu na swahiba wake hawajakaa kwenye bao moja tangu mwaka ule wa 95. Mmoja Jaws Corner, mmoja Michenzani, kwa miguu hata nusu saa haifiki. Nilipokwenda likizo nikamwambia, mjomba, leo twende tukanywe kule.

"Kahawa ya kule wanatia maji."

"Umeijuaje?"

Akamwita muuza kahawa, akaagiza finjani nyengine.