Jogoo Aliyemeza Oringi

Bunduki yangu ya misumari ilianza kuvuja Jumamosi asubuhi, siku moja kabla ya baba mkwe kuja kuchukua kitanda chake. Pssssss. Kijana wangu wa mkono, anayeogopa nyoka kuliko mwenye nyumba, alikuwa tayari juu ya meza ya randa kabla sijageuka kutazama.

Karakana yangu iko Manyatta hapa Kisumu, mwendo mfupi kutoka Kondele. Ni mabati, nguzo nne na madeni. Lakini nina hiyo bunduki na kompresa ya lita 50 ya kuisukumia upepo, vyote mkono wa pili, na mteja akinisikia napigilia chaga za kitanda tak-tak-tak huongeza heshima na hupunguza kuomba bei. Bila bunduki mimi ni mtu mwenye nyundo tu.

Upepo ukivuja, kompresa hailali. Inajaza tangi, inazima, unavuta pumzi mbili, inanguruma tena. Tokeni za stima nilizokusudia zimalize wiki nilizitazama zikishuka kwenye mita kama maji ya karai lililotoboka. Ikabidi nifungue bunduki.

Mtu mwenye akili huanza kwa kutafuta panapovuja. Mimi nilitega sikio, nikaamua ni juu kwenye kifuniko, basi. Nikazima kompresa ukutani, nikachukua aleni kii, nikaanza kulegeza skrubu nne.

Kuzima ukutani si kutoa upepo. Tangi lilikuwa bado limeshiba, geji inasoma 90, na mpira wa upepo bado umechomekwa kwenye bunduki. Haya nayajua. Nimemfundisha yule kijana mpaka ameyaimba: chomoa mpira kwanza, ndipo uguse chochote. Pengine ndiyo maana alikuwa ananiangalia kwa macho yale.

Skrubu ya tatu ilipolegea, PUUU! Kifuniko kikabetuka, springi ikapita karibu na sikio langu ikielekea kwa jirani, nami nikajikuta nimeketi ndani ya ndoo ya gundi ya mbao. Kijana alikuwa amerudi juu ya meza.

Springi tuliipata. Oringi ya kifuniko, ile pete ya mpira inayozuia upepo usivuje, nayo tuliiona sote wawili, imelala mlangoni juani, nyeusi, upana wa sarafu ya shilingi 20, inang'aa kwa mafuta. Tulimwona pia jogoo wa mama wa mandazi. Aliitazama kwa jicho la kushoto, akaigeukia kwa la kulia, kama mnunuzi wa soko la Kibuye anayejifanya hana haja. Nikajaribu kuinuka, ndoo ikainuka nami. Jogoo akaimeza. Tuliiona ikishuka shingoni.

Usiniulize kwa nini sikununua nyingine. Nilizunguka maduka ya spea ya Kondele yote, suruali imekauka kama ubao, nikakuta vioringi vidogo vya kabureta za bodaboda na vya mitungi ya gesi. Ya saizi yangu hakuna.

Nikaenda kwa mama wa mandazi.

"Mama, jogoo wako amemeza spea yangu."

"Pole, fundi. Wewe ndiye uliyemlisha."

"Basi niuzie."

Hapo ndipo nilipokosea. Wiki iliyopita aliuza jogoo wa kimo hichohicho kwa 900. Kwa huyu akaniambia 1,800.

"Huyu si kuku tu, fundi," alisema huku akigeuza mandazi. "Huyu ana spea ndani."

Tulikubaliana 1,500. Nilimpeleka nyumbani, nikamfunga kamba mguuni, nikaketi kwenye kigoda nyuma yake kungoja maumbile yafanye kazi. Nilingoja mpaka jua likatua. Mke wangu alipita mara tatu bila kusema neno. Mara ya nne akasimama.

"Baba Junior, unamtazama kuku huko nyuma kwa ajili gani?"

Nilimweleza. Alicheka mpaka akaegemea ukuta, halafu akatoa hukumu: jogoo ni wa mzee, kesho anachinjwa, na firigisi ni ya mzee. Kwao ni Vihiga. Kule unaweza kumnyima mgeni kiti, lakini baba mkwe hanyimwi imondo, firigisi yenyewe.

Jumapili mzee alifika mapema. Nilikuwa namsimulia habari za hali ya hewa ili asiulize kitanda, mara kicheko kikatoka jikoni. Mke wangu alikuja na kisosi. Ndani ya firigisi alikuta mahindi, changarawe, kigae cha kikombe, na oringi yangu. Au mabaki yake. Firigisi ni kinu: usiku mmoja tu na mpira ulikuwa umekwaruzika kama uliopigwa msasa.

Mzee aliuliza, nikasema yote. Hakucheka. Alikula firigisi yake taratibu, akanawa, ndipo akasema niilete hiyo bunduki na kompresa. Nilikuwa nimesahau kwamba mzee alistaafu kazi ya kutengeneza breki za malori, na breki za malori ni upepo mtupu.

Aliirudisha oringi ya jogoo mahali pake, akafunga kifuniko, akachomeka mpira. Pssssss. Kisha akachukua lile karai tulilonawia, lenye povu la sabuni na mafuta ya kuku, akalichota povu kwa kiganja na kuimwagia bunduki. Juu kwenye kifuniko vikatoka vipovu vidogo. Chini kwenye kifyatulio povu likafura kama uji unaotaka kumwagika.

"Hapa juu ni jogoo," alisema. "Ugonjwa wenyewe uko hapa chini."

Alichomoa mpira kwanza (kijana wangu alikohoa), akagonga pini, akatoa vali ya kifyatulio. Kwenye vali kulikuwa na kioringi kilichopasuka, saizi ileile ya vile vya kabureta nilivyovidharau jana. Shilingi 30. Nilikuwa na oringi moja mbovu, sasa nina mbili.

Ya kifuniko ilibidi iagizwe Nairobi. Chaga za kitanda tulizipigilia kwa nyundo jioni ile, mimi na mzee. Yeye hakujipiga kidole hata mara moja.

Jumatatu nilipofika karakana nilikuta kuku wanne mlangoni. Mama wa mandazi alikuwa amewamwagia mahindi papo hapo kizingitini.

"Fundi," aliuliza, "leo hufungui kitu?"