Umelivaa kwenye shughuli, sasa umeghairi?

Wiki iliyopita mdogo wangu alirudishiwa gauni. La mtumba, la kijani, alilipiga picha vizuri kwenye hanga, akaliposti Instagram kwa Sh25,000, likaondoka Ijumaa. Jumatatu huyo bodaboda getini na mfuko uleule. Ujumbe ulishatangulia: "Dia nimeghairi, naomba hela yangu." Nililitoa mwenyewe kwenye mfuko. Kolani poda. Kwapani mistari ya chumvi. Na lilikuwa linanukia udi, ule wa kujifukiza, si wa kupulizia.

Kwa hiyo Jumamosi kulikuwa na shughuli mahali na bibie alipendeza. Hongera zake.

Walionikera zaidi ni waliomtetea. Mdogo wangu alipolalamika status, nasaha zikamiminika. Mteja ni mfalme. Mrudishie tu ulinde jina. Na ile ninayoipenda kuliko zote: "Mbona Ulaya una siku 14 za kurudisha, tena bila kuulizwa sababu?"

Haya, twendeni Ulaya. Siku 14 zipo kweli, ziko kwenye sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2011, na zinamlinda anayenunua mtandaoni kwa mfanyabiashara, hata kama kitu ni cha mtumba. Mdogo wangu kwa vipimo vyao ni mfanyabiashara, sibishi. Ila someni na yanayofuata. Nauli ya kurudisha kwa kawaida ni ya mnunuzi. Na ukikitumia kitu kupita kiasi cha kukikagua, muuzaji anaruhusiwa kukukata thamani iliyopungua. Mtu binafsi anayejiuzia koti lake la zamani sheria hiyo haimgusi kabisa, ndiyo maana ukinunua Vinted, ule mtandao wao wa kuuziana nguo za mtumba, kwa muuzaji wa kawaida una siku 2 tu za kulalamika kwamba kimekuja kibovu au si kile ulichoonyeshwa. Kwamba moyo umebadilika, hilo ni lako na moyo wako. Kifungu cha kwenda nalo harusini kwanza sijakiona.

Kuna jambo ambalo asiyewahi kuuza mitumba halioni. Gauni jipya la Kariakoo likirudi, linarudi kwenye rundo la wenzake wa rangi ileile. Mtumba ni mmoja. Mdogo wangu anaamka alfajiri kwenda soko la Karume kugombania vitu vya juu vya belo kabla havijachambuliwa na wengine, anafua, anapiga pasi, anaposti. Biashara yote ya gauni moja iko kwenye saa chache za mwanzo, pale watu wanapoulizana "bado lipo?" na "niwekee, mshahara ukitoka." Siku ile waliulizia kadhaa. Wote aliwajibu limeshaenda. Jumatatu wameshanunua kwingine, na hela yenyewe imeshaingia kwenye mzigo mwingine, maana hakuna muuzaji wa mtumba anayelaza hela kwenye simu wikiendi nzima akingoja mtu aghairi. Jaribu sasa kuliposti upya. Swali la kwanza litakalokuja: "Si liliuzwa hili? Lina tatizo gani?" Gauni ambalo Ijumaa lilikuwa linagombewa, leo linajieleza kama mtuhumiwa. Atalishusha mpaka Sh15,000 na bado ataombwa apunguze. Juu yake alifue tena, na udi hautoki kwa kufuliwa mara moja. Juu yake makato ya kurudisha muamala, na bibie kasema, bila haya, atumiwe na ya kutolea.

Eti tofauti ya elfu kumi ni ndogo. Ndogo kwa nani?

Sasa, upande wa pili nao una hoja, na nitaisema haraka. Kununua kwa picha ni kununua bila kugusa. Karume unaligeuza ndani nje, unavuta zipu mara mbili, unanusa, suruali unaizungusha kiuno chake shingoni mwako kujua kama itakuenea, kisha unairudisha mezani na kuondoka zako. Atakayekununia ni muuzaji, tena kidogo tu, mteja mwingine keshafika. Pale unaghairi kabla hela haijatoka. Mtandaoni nafasi hiyo huna, kwa hiyo muuzaji akupe kitu mbadala: kifua na kiuno kwa sentimita, picha ya kwapa, picha ya pindo. Siyo "linaingia M mpaka XL," maana gauni la namna hiyo ni turubai. Na doa lililofichwa na filta lirudi, hela irudi, boda wa kwenda na kurudi alipwe na muuzaji. Ile "mali ikishauzwa hairudishwi" haikuandikwa kwa ajili ya waongo.

Lakini kama limeelezwa vizuri na limekuja vilevile, fungua mfuko boda akiwa bado getini. Mpe elfu moja ya kusubiri, ingia ndani, jipime. Limekubana? Mrudishie boda, lipa nauli, hakuna ugomvi. Kubanwa kunakogunduliwa Jumatatu, baada ya pilau, si shauri la muuzaji.

Na wauzaji msinipigie makofi mapema, maana nanyi mnaghairi. Kuna ukurasa mmoja umeandika HAIRUDISHWI kwa herufi kubwa juu kabisa. Jirani yangu alilipia pochi pale, akatumiwa na kimoyo. Saa mbili baadaye: "Samahani dia, kuna aliyekuwahi." Aliyemuwahi ni aliyeongeza elfu tano. Hela alirudishiwa, na ya kutolea ikakatwa humohumo.