SGR ikifika Kigoma, reli ya zamani ifungwe?

Ukishuka na barabara ya Lumumba kutoka Mwanga, mteremko unakufikisha hadi mlangoni pa stesheni. Mbele yako ni reli, nyuma ya reli bandari, nyuma ya bandari ziwa. Wajerumani waliifikisha reli hapa Februari 1914, baada ya kuanza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905 na kupita Tabora mwaka 1912. Ni kama kilomita 1,250 za njia yenye upana wa mita moja, na zinaishia chini ya dirisha la stesheni masta wetu.

Sasa SGR, ile reli mpya pana ya treni za umeme, inajengwa kutoka Tabora kuja huku. Mkataba ulisainiwa Desemba 2022: kilomita 411 za njia kuu na 95 za kupishania, kwa dola bilioni 2.2. Vijiweni kahawa inanyweka na swali moja. Treni ya umeme ikianza kuingia Kigoma, hii ya zamani iendelee au ifungwe?

Wanaotaka ifungwe si watu wasiojali. Kijana wa bodaboda anayepaki nje ya stesheni aliniambia, "Mzee, abiria wangu wanalala barazani wakisubiri treni ya jana. Waifunge tu." Nilikosa la kumjibu, kwa sababu na mimi nimewahi kulala pale, begi chini ya kichwa. Safari ya Dar inakula karibu siku mbili mambo yakienda vizuri. Mvua zikikaza, njia hukatika, hasa kipande cha Kilosa hadi Gulwe ambacho mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yalikisomba vibaya. Ukweli mwingine ni wa hesabu: njia mbili zinadai mataruma ya aina mbili, injini za aina mbili, karakana mbili na mafundi wa aina mbili, na fedha inatoka mfuko uleule unaodaiwa zahanati. Mtu aliyeona treni ya umeme ikitoka Dar hadi Dodoma kwa takribani saa nne tangu 2024 ana haki ya kuuliza kwa nini tuendelee kuziba viraka.

Hoja hizo nazikubali karibu zote. Kinachonizuia kufikia hitimisho lao ni historia ya stesheni yenyewe.

Kabla ya 1914, mji ulikuwa Ujiji. Misafara ya Bagamoyo na Tabora ilifikia huko, soko lilikuwa huko, na Stanley alimkuta Livingstone huko mwaka 1871. Kigoma ilikuwa ghuba tulivu, kilomita chache kaskazini. Lakini ufuko wa Ujiji ni wa maji mafupi na mawimbi yanaupiga wazi wazi, ilhali ghuba ya Kigoma ina kina na imekingwa na vilima. Wahandisi wakachagua kina. Hawakuwa na ugomvi na Ujiji, waliipita tu. Nenda leo ukaitazame ile miembe mikubwa ya Ujiji, kisha urudi stesheni, utaelewa umbali mdogo namna ile unavyoweza kuuhamisha mji mzima.

Na wapagazi? Mpagazi mmoja alibeba kama kilo 30. Treni moja ya tani 300 ina mizigo ya wapagazi 10,000. Fikiria watu hao wote, pamoja na waliowauzia mtama, mihogo na maji njiani, kila kambi ya msafara ikiwa soko dogo. Treni ilipoanza kupita, kambi nyingi zilibaki majani. Wanyamwezi wengi waliokuwa wakibeba mizigo hiyo ndio haohao walioajiriwa kutandika reli iliyowaondoa barabarani. Baadaye, chini ya Waingereza, stesheni ikawa mlango wa kutokea: vijana wa Kiha walipandishwa mabehewa kwenda kukata mkonge pwani kama vibarua walioitwa manamba, na baadhi hawakurudi.

Sisemi haya kuikataa reli. Bila hiyo, Kigoma isingekuwapo. Meli ya Graf von Goetzen ilikuja kwa reli ikiwa vipandevipande ndani ya makasha, ikaungwa hapa na kuteremshwa majini 1915. Wajerumani wakaizamisha wenyewe Julai 1916, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, baada ya kuzipaka mashine zake grisi, Wabelgiji walipokuwa wanakaribia. Waingereza wakaiibua na kuirudisha kazini 1927 kwa jina la Liemba. Wabelgiji nao, vita vilipokwisha, walipewa eneo la bandari hapa Kigoma kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, ili mzigo wa Kongo upite. Kwa hiyo tangu mwanzo stesheni hii imekuwa na kazi mbili: kupitisha mali ya wengine, na kuhudumia watu wanaoishi kando ya njia. Ya kwanza ndiyo iliyofanya ijengwe. Ya pili ndiyo iliyolisha majumba yetu.

Hapo ndipo ninapoiona hatari. SGR ni kwa kazi ya kwanza. Ni shaba ya Kongo, ni makontena ya Burundi, ni treni nzito na ya haraka, na ni haki iwe hivyo, maana deni lake litalipwa na mzigo mkubwa. Lakini simama stesheni asubuhi treni ya zamani inapopakia uone kazi ya pili. Mama ameshuka na bajaji kutoka Kibirizi, ana viroba vitatu vya dagaa vilivyoshonwa kwa uzi wa nailoni, juu ameandika jina la ndugu yake wa Tabora kwa makapeni. Nyuma yake madumu ya mawese, manjano, vifuniko vimefungwa kwa karatasi ya nailoni yasivuje. Hamali anavipandisha mzani mmoja mmoja, karani anaandika stakabadhi, na vyote vinaingia behewa la vifurushi. Nilimuuliza kwa nini hapeleki kwa basi, kwa kuwa tangu Daraja la Kikwete lilipovuka Malagarasi barabara inapitika. "Mwanangu, basi mzigo unanila kuliko nauli. Na kondakta akijaza, ananiachia dumu moja chini."

Mzigo wa aina hiyo hauna sauti katika mkataba wa dola bilioni 2.2. Vivyo hivyo Nguruka, vivyo hivyo Kazuramimba, vivyo hivyo Uvinza, ambako watu wamechemsha chumvi tangu kabla ya Mjerumani na bado huiuza dirishani treni inaposimama usiku, kwa mwanga wa simu badala ya koroboi za enzi zangu. Treni ya kasi ya kilomita 160 kwa saa haiwezi kusimama kila penye koroboi. Ikisimama hivyo inakuwa treni nyingine.

Jirani zetu wamepita njia hii. Kenya ilisitisha treni ya abiria ya zamani kati ya Nairobi na Mombasa Aprili 2017, wiki chache kabla SGR yao haijaanza, na miji iliyokuwa ikiishi kwa kituo ikapoa. Lakini haikupita miaka mingi wakageukia reli nyembamba ileile upande mwingine: wakaikarabati ya Nanyuki na kuirudishia abiria Desemba 2020, kisha ya Kisumu Desemba 2021. Najua hali hazifanani, maana SGR yao haikufika Kisumu wala Nanyuki. Ninachokiona ni kwamba njia iliyoachwa inarudi kwa gharama, na abiria walioichoka ndio haohao walioijaza ilipofunguliwa.

Kuna pingamizi moja ambalo nimelichukulia kwa uzito kuliko mengine yote. Treni ndogo ya kusimama kila kituo itaendeshwa kwa hasara, na tumeshaonja shirika la reli kudhoofika. Mwaka 2007 liliwekwa mikononi mwa mwekezaji mwenye asilimia 51, miaka michache baadaye serikali ikalirudisha, na mabehewa yalikuwa pungufu. Tena, mradi mkubwa wa kukarabati reli ya zamani uliishia Dar hadi Isaka, kilomita 970, na kipande chetu cha Tabora hadi Kigoma hakikumo. Kwa hiyo anayesema "iendelee" anapaswa kusema nani atalipa.

Ninasema serikali ilipe, kama inavyolipia barabara ya vumbi ya kwenda kijijini. Hakuna anayeidai barabara ile ilete faida mlangoni. Inahesabiwa kwa mahindi yanayotoka na mgonjwa anayefika hospitali. Kipande cha Tabora hadi Kigoma kingeweza kuhesabiwa hivyo, kwa treni moja ya mchanganyiko, mabehewa machache ya daraja la tatu na moja la vifurushi, mara tatu kwa wiki. Si kubwa. Haitashindana na umeme.

Lakini sitaki kujifanya naipenda chuma kwa ajili ya chuma. Kama wahandisi watatuambia kuwa madaraja ya zamani hayastahili tena uzito, au kuwa njia mpya imekalia tuta la zamani mahali fulani, nitakubali ifungwe, kwa sharti moja linaloweza kupimwa: SGR iwe na treni ya polepole inayosimama Nguruka, Uvinza na Kazuramimba, na behewa linalopokea dumu la mawese kwa uzito wake, pasipo kumlazimisha mama awe na mzigo wa kontena. Kikomo cha mizigo cha abiria wa treni ya umeme hakitoshi hata kiroba chake cha pili. Na jengo la stesheni, lenye kuta nene na umri wa zaidi ya karne, libaki na tiketi zinazouzwa ndani yake. Sitafurahi kuliona likiwa jumba la makumbusho lenye picha ya treni ukutani huku watu wakisubiri basi nje.

Kwa hiyo kabla ya siku ya kuisimamisha treni ya zamani, ningeomba tuonyeshwe ratiba, ibandikwe pale dirishani pa tiketi: treni ya mawese inatoka saa ngapi, inafika Uvinza saa ngapi, na kilo moja ya dagaa hadi Tabora ni shilingi ngapi.