Mpumbavu wa Mstari wa 61

Niliandika skripti ya Bash, yaani orodha ya amri ambazo kompyuta huzifuata moja moja, ya kujumlisha kilo za mwani kwa ajili ya mnunuzi mmoja wa Wete, na kwa kuwa napenda skrini iwe safi kama baraza siku ya Idi, ujumbe wote wa makosa ya majaribio ya kuikagua skripti hiyo niliutupa kwa `2>/dev/null`, shimo ambalo halijapata kurudisha kitu. Jaribio likianguka, liliandika neno moja tu: "Limeshindwa."

Usiku wa kuamkia siku ya makabidhiano, jaribio la 9 likaanguka. Nilikagua hesabu, nikakagua uzito wa kila polo, nikautuhumu hata umeme. Saa nane za usiku mama akatokea mlangoni.

"Wagombana na nani?"

"Na kompyuta, mama. Yasema imeshindwa."

"Imeshindwa nini?"

"Haikusema."

"Na nani kaifunza kusema?"

Sikumjibu, maana mwalimu wake nilikuwa mimi. Nilifuta ile `2>/dev/null`, na papo hapo Bash ikalalamika kwamba amri ya `[` imepewa maneno mengi kupita kiasi. Faili liliitwa "mwani wa Makangale.txt", nami nilikuwa nimeandika `[ -f $faili ]`, yaani "je, faili hili lipo?", bila alama za nukuu, kwa hiyo jina moja likakatika penye nafasi, likawa vipande vitatu. Lililoniuma zaidi ni kuwa amri hiyo hurudisha 1 jibu likiwa "hapana", na 2 ikiwa yenyewe haikulielewa swali, lakini skripti yangu iliyahesabu yote mawili kuwa kushindwa. Faili lilikuwepo usiku kucha, limekaa kimya linanitazama.

Niliweka nukuu, kisha nikaliagiza kila jaribio, likianguka, litaje mstari kwa `$LINENO`, kilichotafutwa na namba iliyorudi. Kwa hasira za alfajiri nikaongeza na maneno yangu mawili matatu, kwa nia ya kuyafuta baada ya sala. Nilisali, nikalala.

Saa tatu asubuhi yule mzee mnunuzi akafika na flashi yake yenye mafaili ya wiki ile. Tukaendesha majaribio, la 9 likaanguka tena, safari hii kwa ufasaha. Mzee akavaa miwani, akasoma kwa sauti mbele ya mama:

"Mstari wa 61: nimetafuta 'mwani wa Makangale.txt', sikulikuta. Namba iliyorudi ni 1. Mpumbavu gani kalihamisha?"

Akavua miwani, akaifuta taratibu kwa ncha ya kanzu.

"Ni mimi, mwanangu. Nimelibadilisha jina jana baada ya isha."